Kizimba cha sungura: waya mtupu, fremu ya mbao na wavu, au sakafu ya mianzi?

Anayejenga kizimba cha sungura kwa mara ya kwanza huanza na paa, akaja kwenye kuta, na sakafu ikaambulia masalio ya wavu na ya pesa. Huko ni kuanza kinyumenyume. Ukuta mbovu unazibwa jioni moja kwa koleo na kipande cha waya. Sakafu mbovu inachubua nyayo, inashika kinyesi na kuvunja miguu ya watoto, na kuibadilisha mara nyingi ni kubomoa kizimba kizima. Kwa hiyo aina tatu zinazolinganishwa hapa zimetenganishwa kwa mambo mawili: sungura anakanyaga nini, na mbao ziko wapi ukilinganisha na mkojo wake.

Aina ya kwanza ni kizimba cha waya mtupu, boksi la wavu lisilo na ubao hata mmoja, linaloning'inizwa kwenye kenchi za banda au kukalishwa juu ya stendi. Ya pili ni fremu ya mbao 2x2 iliyovikwa wavu pande zote, chini pakiwa wavu pia. Ya tatu ina fremu hiyohiyo na kuta hizohizo, ila chini kuna papi za mbao, yaani vipande vyembamba vilivyopangwa kwa kuachana, au mianzi iliyopasuliwa.

Vipimo vyote hapa ni vya kizimba kimoja cha futi 3 kwa upana, futi 2 na nusu kwa kina na futi 1 na nusu kwa kimo, yaani kama sm 90 kwa 75 kwa 45. Kinamtosha jike wa aina ya New Zealand White au Californian wa kilo 4 hadi 5 pamoja na watoto wake mpaka waachishwe kunyonya. Dume wa aina hizo anatosheka na futi 2 na nusu kwa 2 na nusu. Flemish Giant, aina ya sungura wakubwa, ni habari nyingine: mpe futi 4 za upana na kimo kisichopungua inchi 20, na soma sehemu ya mianzi kabla hujanunua chochote.

| | Waya mtupu | Mbao na sakafu ya wavu | Mbao na sakafu ya papi au mianzi |
|---|---|---|---|
| Wavu wa sakafu (nusu inchi kwa inchi 1) | mita 1.2 | mita 1.2 | mita 0.4, wa kuzuia watoto tu |
| Wavu wa kuta na juu (inchi 1 kwa 2) | mita 2.8 | mita 2.8 | mita 2.8 |
| Mbao 2x2 | hakuna | futi 42 hivi | futi 42 hivi |
| Papi za sm 75 | hakuna | hakuna | 21 |
| Vifungio | klipu 120 hivi | misumari ya U kila inchi 2 | misumari ya U, na skrubu 42 |
| Zana zisizokwepeka | koleo mbili, tupa | msumeno, nyundo, koleo | hizo pamoja na randa |
| Kinachokiua kwanza | kutu kwenye kona ya mkojo | ubao wa chini kuoza | meno na unyevu |

Mita zimehesabiwa kwa robota lenye upana wa futi 3. Robota la mita 30 la wavu wa kuta linatoa vizimba 10. La sakafu linatoa 25. Ndiyo maana anayejenga viwili au vitatu anunue kwa mita, hata kama bei ya mita iko juu kidogo kuliko ya robota.

Kwanza wavu, maana hapo ndipo pesa inapopotea

Wavu unaoutaka ni ule uliochomelewa kila nyaya zinapokutana, ambao dukani ukisema weldimeshi unaeleweka. Wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita uache kwenye banda la kuku. Waya wake ni mwembamba na haukuchomelewa, umesokotwa tu. Ukiwa sakafu unalegea na kukata nyayo; ukiwa ukuta, mbwa au kicheche anauchana kwa usiku mmoja.

Kwa sakafu, tundu liwe nusu inchi kwa inchi 1. Kidonge cha kinyesi cha sungura mzima kina unene unaokaribia sm 1, hivyo kinapita, na mguu wa mtoto haupiti. Wavu wa robo inchi, ule mafundi wanaochekechea mchanga, haupitishi kinyesi kabisa. Ndani ya siku chache umekuwa sakafu ya samadi. Wa inchi 1 kwa inchi 1 unapitisha kinyesi vizuri sana, na unapitisha mguu wa mtoto vilevile. Mtoto akishtuka na kuruka mguu ukiwa ndani ya tundu, unavunjika.

Geji, yaani namba ya unene wa waya, inawachanganya wengi kwa sababu namba ikipanda waya unapungua unene. Geji 14 ni kama mm 2, geji 16 ni mm 1.6, geji 18 ni mm 1.2, na geji 20 haifiki hata mm 1. Sakafu iwe 14 ukiipata, 16 ukiikosa. Kuta na juu zinavumilia 16. Muuzaji akikuambia "hii ni nzito" bila kutaja geji, omba kipande ukikunje kwa vidole: waya wa geji 14 unakugomea, wa 20 unakunjika kama kibanio cha nywele.

Sasa zinki. Kuna wavu uliotiwa zinki kabla ya kuchomelewa, na kuna uliochomelewa kwanza ndipo ukazamishwa kwenye zinki. Tofauti inaonekana kwa macho. Tazama nyaya zinapokutana. Ukiona alama nyeusi au ya kahawia ya moto, zinki ililiwa wakati wa kuchomelea na kutu itaanzia hapohapo. Ukiona makutano yamejazwa zinki, yana matone matone na yanakwaruza kidogo mkononi, huo ni wa pili. Una bei zaidi, na kwa sakafu inafaa kuilipa. Kwa kuta haina haja, kwa kuwa mkojo haufiki huko sana, isipokuwa kizimba cha dume, ambaye hurusha mkojo ukutani kutia alama. Ukanda wa pwani, Tanga hadi Mombasa, hewa yenyewe ina chumvi, na wavu wa zinki nyepesi unaanza kugeuka rangi hata kabla sungura hajaingia.

Na jambo linalosahaulika: wavu wa sakafu una juu na chini. Nyaya zilizosogeleana, zile zilizoachana nusu inchi, ndizo ziwe juu zikanyagwe, na zilizoachana inchi 1 zibaki chini kama mihimili. Ukigeuza, uzito wa sungura unabebwa na nyaya nusu, na nyayo zinaanza kumenyeka.

Waya mtupu: kukata na kufunga

Kizimba hiki kinatisha kwa kuwa hakina fremu. Ukweli ni kwamba wavu uliokunjwa pembe na kufungwa pande zote unajishikilia wenyewe, mradi vipande vimekatwa kwa mraba.

Kutoka kwenye wavu wa kuta wa futi 3, kata kipande cha inchi 66. Kikunje mara mbili ili kiwe inchi 18 za mbele, inchi 30 za juu na inchi 18 za nyuma. Umeokoa maungio mawili, tena yale ambayo mkono hugusa kila siku. Kata kipande kingine cha inchi 30, kigawe katikati upate pande mbili za inchi 18 kwa 30. Kisha kipande cha inchi 14 kwa 14 cha mlango. Kukunja: laza wavu kati ya mbao mbili zilizonyooka, mmoja akanyage, mwingine agonge kwa ubao, polepole, urefu wote kwa pamoja. Ukikunja upande mmoja ukaurudia, wavu unapinda na zinki inapasuka kwenye mkunjo.

Sakafu ina njia mbili. Ya kawaida ni kipande cha inchi 36 kwa 30, kisha mikanda minne ya kimo cha inchi 4 ya wavu huohuo kuzunguka chini ya kuta. Mikanda hiyo si mapambo. Mtoto wa sungura wa siku chache anapita kwenye tundu la inchi 1 kwa 2 bila shida. Akitoka kiotani aking'ang'ania chuchu ya mama, anaanguka nje na asubuhi unamkuta amekufa kwa baridi. Njia bora zaidi, kama duka lina robota la futi 4, ni kukata kipande kimoja cha inchi 44 kwa 38, ukatoa mraba wa inchi 4 kila kona, ukakunja kingo zote juu inchi 4. Unapata beseni la inchi 36 kwa 30. Mikanda ya watoto imo humohumo, na maungio yamepanda juu ya mstari wa mkojo. Kwenye kizimba cha waya mtupu maungio ya sakafu ndiyo huoza kwanza, kwa hiyo kuyahamisha inchi 4 tu kunaongeza maisha ya kizimba kuliko kununua waya mnene zaidi kwa geji moja.

Maungio yote ya kizimba kama hiki yanafika inchi 264. Ukifunga kila inchi 3 ni vifungo 88. Ongeza vya mlango na mikanda, andaa 120. Video nyingi za Marekani zinaonyesha klipu ndogo za umbo la J na koleo lake maalumu. Ukizikosa kwenye hadiwea ya jirani usisimamishe kazi. Kata waya wa zinki wa mm 2 vipande vya sm 4, kipinde kila kimoja umbo la C, kizungushe nyaya mbili na kukibana kwa koleo la kawaida. Ni kazi ya nusu siku na vinashika sawa na vya dukani. Waya wa kufungia nondo unafanya kazi kwa wiki za mwanzo, kisha unapata kutu na kukatika kimyakimya, kwa sababu hauna zinki. Kushona kwa waya mmoja mrefu kama ukindu kwenye mkeka kunapendeza na kunaenda haraka, lakini ukikatika mahali pamoja mshono mzima unalegea, na siku ya kubadili sakafu utafumua kila kitu.

Mlango: toboa tundu la inchi 12 kwa 12, likianzia inchi 4 juu ya sakafu ili mkanda wa watoto usikatwe. Sanduku la kiota la sm 45 kwa 25 kwa 25 linapita hapo. Kipande cha inchi 14 kifungwe kwa ndani, kikining'inia kutoka juu, kipishane na tundu inchi 1 kila upande. Mlango wa namna hii ukisahau kuufunga unajirudia wenyewe, na sungura akiusukuma anaubana badala ya kuufungua. Milango inayofunguka kwa nje inategemea kumbukumbu ya anayelisha, na watoto wa shule hulisha mbio mbio. Ncha za waya kwenye tundu zilainishwe kwa tupa, kisha upande wa nje uvishwe mpira wa maji uliopasuliwa, la sivyo kila anayelisha atakuwa na mikwaruzo kwenye kiwiko.

Kinachoharibika zaidi kwenye waya mtupu ni sakafu kubonyea katikati. Sakafu ikibonyea, sungura anateleza na kukaa hapohapo, mkojo na manyoya vinakusanyika, na vidonda vya nyayo vinafuata. Kwa geji 16 pitisha vyuma viwili vya duara vya mm 6 chini, kimoja kila theluthi, vikienda mbele hadi nyuma, na uvifunge kwenye kuta. Usitumie ubao kuinua sakafu: kinyesi kinakaa juu yake, na umerudisha tatizo ulilolikimbia.

Fremu ya mbao na wavu: nafuu mpaka pale ubao unapolowa

Wengi watachagua hii, na si vibaya. Mbao zinapatikana kila kijiji, fundi wa kawaida anaijua, na kizimba kinasimama chenyewe nje bila banda ukikiwekea bati juu. Miguu ya mbele futi 5, ya nyuma futi 4 na nusu ili bati lipate mteremko, na mbao za mlalo futi 11 kwa kila usawa, chini na juu. Jumla ni futi 41, nunua 45.

Kosa linalorudiwa ni kulaza wavu juu ya mbao za chini na kupigilia hapo. Kinyesi kinachoangukia juu ya ubao hakina pa kwenda, na sungura ana tabia ya kukojolea kona moja, daima ileile. Kona hiyo inalowa kila siku, ubao unachukua harufu, misumari inapata kutu, na sakafu inaachia upande mmoja. Kosa la pili ni kupigilia wavu wa kuta kwa nje, ubao ukabaki ndani mbele ya meno. Sungura hatafuni kwa utundu. Meno yake hayaachi kukua na lazima ayasage kwa kitu.

Dawa ya yote mawili ni moja: ubao nje, waya ndani. Pigilia wavu wa kuta upande wa ndani wa fremu. Sakafu itengeneze kama beseni lile la kingo za inchi 4, uliingize kati ya mbao za chini, upigilie kingo zake kwenye uso wa ndani wa mbao hizo ili sakafu yenyewe ining'inie inchi 1 au 2 chini ya ubao. Hapo hakuna ubao chini ya sungura hata sentimita moja. Misumari ya U ya robo tatu ya inchi ipigwe kwa mshazari, kila inchi 2, ikikumbatia waya wa mlalo. Misumari peke yake haitabeba jike na watoto 8 wa wiki 6, kwa hiyo weka nondo mbili za mm 8 chini, zikifungwa kwa waya wa geji 12 kwenye ubao wa mbele na wa nyuma. Zipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.

Kuhusu mbao zenyewe: saiprasi au paini iliyokauka inatosha. Zile zilizotiwa dawa, zenye rangi ya ukijani, zinafaa kwa miguu tu, mbali na mdomo wa sungura. Oili chafu inazuia mchwa kwenye miguu vizuri. Usiipandishe juu ya magoti. Kila mguu ukalie jiwe au tofali, si udongo.

Ukweli mmoja dhidi ya aina hii: ukishaleta ugonjwa ndani, kuuondoa ni kazi. Waya unapigwa brashi, maji ya sabuni na jua, ukamaliza. Ubao umenyonya.

Mianzi na papi: kwa miguu mizito

Hii inadharauliwa kwa kuwa inaonekana ya kimaskini, na kwa sungura wa kilo 3 au 4 ni kweli wavu unaishinda kwa usafi. Lakini Flemish Giant anayezidi kilo 6, au Rex ambaye manyoya ya nyayo zake ni mafupi na laini, hupata vidonda kwenye wavu hata ule mzuri. Kwao papi pana inagawa uzito.

Papi iwe na upana wa sm 3 na nafasi kati ya papi na papi iwe mm 13. Ikipungua mm 12 kinyesi kinakwama. Ikifika mm 20 mguu wa mtoto unazama. Kwa upana wa sm 90 zinaingia 21, kila moja sm 75, jumla mita 16 kasoro. Usipime nafasi kwa jicho: tafuta kipande cha mbao cha mm 13, kiingize kati ya papi kila unapofunga skrubu, ukitoe, endelea. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa na nafasi uliyoipima inakuwa kubwa, kwa hiyo papi zikae juani wiki kadhaa kwanza. Skrubu ziingie kutoka chini. Kichwa cha msumari kinachochomoza juu kinafanya kazi ya wembe.

Mianzi ni bora kuliko papi za mbao kwa sababu mbili. Ngozi yake hainyonyi mkojo upesi, na ukiipasua ukalaza mgongo wake juu, kidonge cha kinyesi kinabiringika na kuanguka. Pingili zilizovimba zikwanguliwe kwa randa zilingane. Iringa na Njombe, ambako mianzi hupandwa kwa ajili ya pombe ya ulanzi, shina lililozeeka hupatikana kwa bei ya kusafirisha tu. Chagua lililokomaa, changa linaliwa na wadudu ndani ya msimu.

Sharti la sakafu hii ni kwamba itoke. Itengeneze kama kitanda kidogo kinachochomolewa, na tengeneza viwili kwa kila kizimba: kimoja ndani, kingine juani kikikauka baada ya kusuguliwa. Bila hivyo utafuga kokidia, ugonjwa wa kuharisha. Vijidudu vyake hutoka na kinyesi vikiwa havijakomaa. Vikikaa penye unyevu na joto siku chache vinakomaa, na sungura akilamba miguu anavimeza. Wanaoharisha na kufa kwanza ni watoto wa wiki 5 hadi 10. Kwenye wavu kinyesi kimeshaanguka kabla ya muda huo. Kwenye mianzi kinategemea mkono wako na ufagio, kila asubuhi.

Kuna njia ya kati ambayo kwa maoni yetu inawafaa wengi kuliko mianzi kamili: sakafu ya wavu, na ndani yake kipande cha kupumzikia cha sm 30 kwa 35, cha plaiwudi isiyopakwa rangi au kigae cha sakafuni upande wake usioteleza. Sungura analala hapo mchana, anakojoa pembeni kwenye wavu. Kigae Dar es Salaam kina faida ya ziada ya kumpoza tumbo. Kipande kikichafuka kinatolewa kwa mkono mmoja.

Mahali ulipo panabadilisha jibu

Joto likipita nyuzi 30, sungura anapumua kwa shida na dume anaweza kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa muda. Pwani, kwa hiyo, waya mtupu chini ya paa la makuti unashinda bila mjadala: hewa inapita pande sita. Nunua tu zinki nzito. Limuru, Lushoto au Njombe, kizimba hichohicho kikiachwa wazi kwenye upepo kinaua watoto ambao bado hawana manyoya. Suluhisho si kukizungushia nailoni kukiziba, kwa sababu harufu kali ya mkojo itaganda ndani na mafua yatafuata. Ziba pande mbili au tatu zinazopokea upepo kwa mikeka au magunia, yakiwa sm 10 kutoka kwenye waya ili yasitafunwe, na acha upande mmoja na sehemu ya juu wazi.

Siafu ni suala la miguu. Kizimba cha mbao kina miguu minne, na kila mguu ni barabara. Kila mmoja usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na kopo liwe na kifuniko cha bati juu yake, kwani mvua ikilijaza oili inamwagika na siafu wanavuka juu ya maji. Jani moja refu likiegemea kizimba linatosha kuwa daraja, kwa hiyo nyasi zifyekwe. Waya mtupu unaoning'inia kwenye kenchi hauna njia ya chini kabisa. Unapaka grisi nyaya nne za juu, basi. Kwa panya na nguchiro, vizimba vyote viwe mita 1 kutoka chini, na miguu ya mbao ivishwe koni ya bati iliyopanuka kwenda chini.

Ukitaka kukusanya mkojo kwa shamba, kama wafugaji wengi wa Kenya wanavyofanya, weka bati chini ya kizimba likiwa na mteremko wa sm 15 kutoka mbele hadi nyuma, na mfereji nyuma. Ubao uliopitisha mkojo kabla haujafika kwenye bati umekunyang'anya mkojo huo. Hapo pia waya mtupu una nafasi nzuri kuliko mianzi.

Kwa hiyo: kama una banda lenye paa na unataka majike 4 au zaidi, nenda kwenye waya mtupu, hata kama siku ya kununua robota itauma. Kama huna banda na una sungura 2 wa kuanzia nyuma ya nyumba, jenga fremu ya mbao kwa mtindo wa ubao nje, waya ndani. Siku ukijenga banda, beseni la sakafu unalichomoa na kulitumia tena. Mianzi ichague kwa sababu ya uzito wa sungura, usiichague kwa sababu wavu ni ghali. Na ukibanwa na pesa kabisa, punguza kwenye kuta: upande wa nyuma unaoegemea ukuta wa nyumba unaweza kuwa mabanzi. Sakafu usiiguse.

Kabla ya kumwingiza sungura, vaa soksi kuukuu mkononi na uipitishe juu ya sakafu yote, kona kwa kona, kisha kwenye kingo za mlango. Inaponasa, pana ncha ya waya, kichwa cha msumari au kibanzi cha mwanzi. Piga tupa hapo, pitisha tena.